Nisomee Rangi

Mbeya, Soweto
9 Februari 2023

Mjomba Didas,

Kamwene. Sisi huku tunapumua, ingawa mvua ya mwezi huu imetufungia ndani na nguo hazikauki. Mama anakusalimu. Analalamika kwamba wewe ni kaka gani usiyeuliza hata siku moja dada yako Roza amekula nini. Nikamwambia mtu sikio lake la kulia limekufa na simu haitaki kuiona, atauliza kwa njia gani? Akacheka, kisha akanitukana kwa Kihehe. Ila kweli mjomba, fundi aliyefunga simu nusu ya mkoa wa Iringa leo anataka aandikiwe barua! Mke wangu Happy ana mimba ya miezi mitano na harufu ya samaki hataki kuisikia. Mwambie Anti Paskalina maboga yake yalifika, yamepasuka mawili tu.

Kazi ipo. Bosi wangu, Saulo, alipata tenda ya kufunga simu za ndani katika hospitali moja ya binafsi, jengo jipya la ghorofa tatu. Simu arobaini na nane. Mimi nilikaa chini, chumba cha mitambo, nikibana waya kwenye bloku, pale laini zote zinapokutana. Mwenzangu Minza alikuwa juu mawodini akifunga soketi za ukutani. Unamkumbuka Minza, yule Msukuma wa Usangu niliyekuja naye msibani, mwenye mtoto wa kike. Tumemaliza, tumekabidhi, na keki tumekula.

Sasa nina maswali ya kiufundi tu, usianze kunijengea kesi. Kifaa changu cha kubania nilikinunua dukani hapa, kimelegea, mara kinakata waya, mara hakikati. Je, kifaa kikiwa kibovu, laini inaweza kuhama ikaenda kwa jirani? Mtu apige duka la dawa apokelewe na chumba cha kufulia? Na wewe enzi zako rangi za waya ulizikaririje, ujue ipi ni laini ipi? Pia naomba ile krone yako ya zamani ya kubania, unayoificha kama mahari. Mpe Aroni, dereva wa lori la mbao, kila Jumanne anapita stendi ya Iringa.

Nijibu upesi mjomba. Roho yangu iko juu juu.

Mpwa wako,
Gwakisa


Kilolo
2 Machi 2023

Mpwa wangu Gwakisa,

Barua yako ilikaa stendi siku kumi na moja kwa yule muuza vocha, akiitumia kufunikia kikombe cha chai. Imenifikia ina duara la kahawia katikati. Sisi ni wazima. Magoti ya Paskalina yanamsumbua, lakini ukimwambia akae chini anasimama. Padri mpya anahubiri mpaka njaa inaingia. Maharage yamependeza, ulanzi unatoka vizuri mwaka huu, nami nakunywa kidogo, usimwambie mama yako.

Nianze na mikono yako, maana naona chuo kilikula ada yetu bure. Waya wa simu haumenywi. Wewe unamenya, nakujua, una haraka. Unaulaza kwenye meno ya bloku na ngozi yake, halafu unasukuma kifaa mara moja. Mara moja tu! Kitalia tak, meno yatapasua ngozi yenyewe na kuishika shaba. Upande wa kisu uelekee mwisho wa waya, usielekee kule laini inakotokea, la sivyo utakata uhai wake na kuacha mkia. Na jozi usiifumue msokoto wake kuzidi upana wa kidole. Ukifumua sana, wodini watasikia redio.

Sasa swali lako. Kifaa kikilegea, simu inakufa au inakoroma. Basi. Haihami. Laini ikienda kwa jirani, ujue kuna mkono wa mtu ulioipeleka.

Ndiyo maana sisi tulikuwa tunapiga kengele kila jozi. Mmoja chini, mmoja juu, unagusisha waya, mwenzako anakujibu, ndipo unaandika. Jozi hamsini, kengele hamsini. Watu walinichukia kwa hilo. Walisema Didas anachelewesha kazi. Wewe ulipiga?

Krone yangu siitoi. Habari za rangi zimo kwenye kitabu, soma.

Niambie laini ipi imekwenda wapi, na nani alibana.

Mjomba wako,
Didas


Mbeya
12 Machi 2023

Mjomba,

Kamwene tena. Pole kwa magoti ya Anti. Mama anauliza ulanzi kidogo ni lita ngapi. Mimi sikumwambia kitu, aliisoma barua yako kabla yangu. Kwa hiyo kuanzia sasa mpe Aroni mkononi na umwambie anipe mimi mkononi.

Yametokea makubwa. Jumatatu ya tarehe 27 mwezi uliopita, saa sita mchana, mama mmoja alijifungua pale hospitalini na damu ikakataa kusimama. Mkunga akakimbilia simu ya wodini, akabonyeza namba ya chumba cha upasuaji. Ikaita. Ikapokelewa vizuri kabisa. Mzee mmoja akasema, "Mochwari hapa, tukusaidie nini?"

Mkunga akakata, akapiga tena. Mzee yule yule. Mara ya tatu mzee akamwambia, "Mama, mbona mna haraka hivyo?" Mkunga akatupa simu akashuka ngazi mbio, kiatu kimoja kikabaki njiani. Daktari akapatikana. Mama yule yuko hai na mtoto wake yuko hai, Mungu mkubwa. Lakini mjomba, watu wa mjini hapa wanaisimulia kwa kucheka, hadithi ya mzee wa mochwari, na mimi wakianza kuisimulia naondoka.

Saulo alikuja mwenyewe na fundi mwingine, Edmund, wakapiga kengele jozi zote. Wakakuta laini kumi na nne zimevukana. Kumi na nne! Basi ikaletwa karatasi ya makabidhiano. Pale chini pameandikwa "Aliyekagua," na sahihi ni ya Minza. Saulo akamsimamisha kazi siku hiyo hiyo, mbele yetu sote. Akamwambia wewe ni mchunga ng'ombe, rudi kwa ng'ombe. Minza hakulia. Aliniangalia tu. Kisha akavua ile fulana ya kampuni, ndani alikuwa na blauzi, akaikunja vizuri akaiweka mezani.

Ni bahati mbaya kubwa. Happy ananiuliza kwa nini siku hizi naamka alfajiri nazunguka uani, namwambia ni kazi.

Hukunijibu habari ya rangi. Mama anasema ulikuwa bingwa, ulikuwa unafunga boksi zima umefumba macho. Ulizikaririje?

Gwakisa


Kilolo
21 Machi 2023

Gwakisa,

Hatujambo. Mvua ni nyingi. Barua hii ni fupi kwa sababu Aroni ananisubiri na injini inanguruma.

Ulipokuwa na miaka saba ulikuja kwetu likizo. Nilikutuma shambani ulete nyanya zilizoiva. Ukaleta kikapu kizima cha nyanya mbichi, ngumu, na unafurahi. Watu walicheka mpaka wakakaa chini, na mimi nilicheka kuliko wote. Nikakurudisha, ukarudi na nyingine, nusu mbichi nusu mbivu. Ulikuwa unaziminya moja moja kwa vidole, nilikuona toka mlangoni.

Sikupaswa kucheka.

Sitaki kusikia bahati mbaya. Chumba cha mitambo ulikuwa peke yako. Karatasi ile Minza alisaini kwa neno la nani?

Didas


Mbeya
3 Aprili 2023

Mjomba Didas,

Salamu zipo, nitaziandika mwisho, maana nikianza nazo sitafika ninapokwenda.

Alisaini kwa neno langu. Aliniuliza kutoka ngazini, "Umepiga kengele zote?" Nikamwambia zote. Sikupiga hata moja. Saulo alikuwa anatukimbiza, wenye hospitali walikuwa wanakuja na mchungaji kuombea jengo, na Minza ananiamini, tumefanya kazi pamoja miaka minne. Akasaini akaenda kumchukua mwanawe shuleni.

Haya, umefurahi?

Sasa nikuulize na mimi. Ulijua! Tangu nina miaka saba ulijua kwamba macho yangu hayako kama ya wenzangu, ukanyamaza. Halafu mimi nilipomaliza kidato cha nne nikasema nataka useremala Mafinga, nani alikuja na basi la asubuhi kutoka Kilolo kumwambia mama kwamba mtoto asomee simu? Nani alisema ufundi wa simu ni kazi ya heshima, mikono haichubuki? Ni wewe. Ulinitia mwenyewe kwenye kazi ambayo kila waya unaniuliza rangi yake.

Kijani, kahawia na chungwa, kwangu ni watoto wa tumbo moja. Bluu naiona, kijivu nakikisia. Katika kila jozi tano, tatu ni za kubahatisha. Chuoni nilikaa karibu na mwenye kujua. Nyumbani nani angegundua? Mama anasema lete ile nguo, naleta nguo. Kazini nilikuwa na Minza. Namwambia, "Nisomee rangi, Minza, mwanga huku mbaya." Anasoma, mimi nabana, tak, tak, tunakwenda kama cherehani. Miaka minne mwanga ulikuwa mbaya kila mahali na hakuuliza hata siku moja. Siku ile ya hospitali Saulo akatutenganisha tuwahi, Minza juu, mimi chini. Ningesema nini? Nikabana kwa kukisia. Nikajiambia zikikosea zitalalamikiwa moja moja nitarekebisha polepole. Sikuwaza upasuaji. Wala mochwari sikuiwaza.

Minza amerudi kwao Usangu na mtoto. Hapa mjini hakuna fundi atakayempa kazi, jina lake limeshapakwa matope. Na mimi nikisema, nimekwisha. Siyo kufukuzwa tu, mjomba. Nani atampa kazi ya waya mtu asiyeona rangi? Nina mimba ndani ya nyumba. Sina ufundi mwingine. Nikinyamaza nakula, lakini chakula hakishuki.

Niambie nifanye nini. Wewe ndiye mkubwa, wewe ndiye uliyenileta huku.

Salamu: mama hajambo, Happy hajambo. Mimi ndiye mgonjwa.

Gwakisa


Kilolo
6 Mei 2023

Mpwa wangu,

Kamwene. Najua umengoja mwezi mzima na umenisema vibaya, nami nastahili. Nilianza barua hii mara nne. Ya kwanza Paskalina aliiwashia moto jikoni akidhani ni karatasi tu, na nilishukuru. Mahindi tumeanza kukoboa. Baridi imeanza mapema. Mama yako mwambie nampenda, sijui kama nimewahi kumwambia.

Ulisema mimi nilikuwa nafunga boksi nimefumba macho. Mama yako hakukosea sana. Nikiwa nimefumba au nimefumbua, kwangu kijani na kahawia ni kitu kimoja. Macho yako ni macho yangu, Gwakisa. Yamepita kwa mama yako bila kumgusa, yakakufikia wewe. Daktari wa macho pale Iringa alinieleza hivyo mwaka juzi nilipokwenda kwa mtoto wa jicho. Aliniambia kwa urahisi kabisa, kama anayeniambia kiatu changu namba ngapi, na mimi nilikuwa nimeificha miaka arobaini.

Sijawahi kumwambia mtu. Paskalina hajui. Alikuwepo mmoja tu aliyejua, naye hakuambiwa, aligundua mwenyewe. Anaitwa Tadeo. Tulikuwa timu moja Mafinga, mimi na yeye, miaka sita. Alikuwa ananisomea rangi. Siku ya kwanza alinitazama ninavyohangaika, akasema, "Didas, wewe bana, mimi nitasoma, sauti yangu nzuri." Hakusema kingine mpaka leo.

Mwaka tisini na tatu mama yake Tadeo alifariki Chimala. Aliomba ruhusa akanyimwa, akaenda kuzika bila ruhusa. Mimi nikabaki na boksi la laini thelathini. Ningeweza kungoja. Ningeweza kuwaambia mvua, ningeweza kuwaambia naumwa. Lakini nilikuwa bingwa, na bingwa hangoji. Nikabana peke yangu kwa kukisia. Halafu, ili Tadeo asikatwe siku yake na wasijue hayupo, nikaandika jina lake kwenye karatasi: imebanwa na Tadeo. Nakuapia nilifanya kwa wema. Niliona nimemsaidia rafiki.

Jumapili iliyofuata mchana moto ulishika upande mmoja wa kiwanda cha mbao. Mlinzi akapiga simu nyumbani kwa meneja, akapokea mwenye baa. Akapiga tena, mwenye baa akamwambia njoo unywe. Hakufa mtu, ila mbao za mwaka mzima zilikwisha na watu wengi wakakosa kazi. Tukaitwa ofisini. Likasomwa jina: Tadeo. Yeye ndio kwanza amerudi, kichwa amenyoa kwa ajili ya mama yake. Akanitazama. Angesema sikuwepo, wangemfukuza kwa utoro. Angesema Didas ndiye aliyebana, wangeuliza kwa nini Didas bingwa amekosea, naye angelazimika kusema anachokijua. Akanyamaza. Na mimi nilikuwa naangalia viatu vyangu.

Wakamfukuza na mafao wakamnyima. Alirudi Chimala, anauza mchele. Mimi nikapewa cheo. Kuanzia siku hiyo ndipo nilianza kupiga kengele kila jozi, mkaniita mtu makini.

Unauliza kwa nini nilikusukuma kwenye simu. Nilitaka kazi hii ifanywe na damu yangu yenye macho mazima, nione inavyokuwa. Zile nyanya niliziona, nikajidanganya kwamba ulikuwa mtoto tu. Kukwambia ukweli kungenilazimu kusema nimeujuaje. Nisamehe kwa hilo. Ni hilo moja tu ninaloweza kukuomba wewe, mengine ni ya mtu mwingine.

Sitakwambia ufanye nini. Nina miaka thelathini ya kunyamaza, huwezi kuja kwangu kuchukua ushauri.

Mjomba wako,
Didas


Mbeya
23 Mei 2023

Mjomba,

Kamwene. Happy amebakiza wiki chache, miguu imevimba. Mama nimemsomea barua yako, nisamehe, nisingeweza kuibeba peke yangu. Akasema, "Kaka yangu alikuwa anavaa soksi mbili tofauti, sisi tukidhani ni umaskini." Akalia.

Nimesema. Jumatatu ya tarehe 15, asubuhi, ofisini, wote wapo. Nilisema zile laini kumi na nne ni zangu, Minza alisaini kwa sababu nilimdanganya, na nikasema habari ya macho. Saulo hakuniamini. Alidhani namfichia Minza, eti tuna mambo yetu. Akachukua kipande cha kebo, akakichana, akamwaga waya mezani. "Tenga!" Nikatenga mbele yao. Mwanzoni walicheka. Nilitengeneza rundo la kijani, nikaona Edmund ameacha kucheka, ndipo nikajua rundo lina mchanganyiko. Nikaendelea hadi mwisho. Mtu mmoja akasema maskini. Hilo neno liliniuma kuliko kufukuzwa.

Nimefukuzwa, ndiyo. Saulo akaniambia, "Na Minza utakwenda kumleta mwenyewe. Mimi nilimtukana mbele za watu, sina uso wa kwenda." Nikaenda.

Kwao ni mbali, mjomba, unaacha lami, unapita majaruba ya mpunga, unapita na mpunga wenyewe, ndipo unafika kwa baba yake, mzee Nyanda. Minza alikuwa anaanua mpunga. Aliendelea kuanua. Baba yake akaniletea kigoda, sikukaa. Nikasema kila kitu nikiwa nimesimama, mzee anasikia, mama yake Minza anasikia, mtoto wake yupo. Nilipomaliza Minza akaniuliza swali moja.

"Tangu mwezi wa pili mpaka leo, ulikuwa unafanya nini?"

Nikamwambia, "Nilikuwa naandika barua."

Aliniangalia kama mtu anayemwangalia mjinga. Hakutukana. Kuhusu rangi akasema alijua tangu mwezi wa kwanza wa kazi, alikuwa anangoja nimwambie. Jumatano alirudi kazini, na Saulo alimwomba radhi mbele ya wote, hilo walinisimulia. Saulo anasema siku Minza akikubali kufanya kazi na mimi tena, yeye akisoma na kengele zote zikipigwa, atanifikiria. Minza hajakubali. Sijui kama atakubali. Sasa nashusha viazi sokoni na usiku nalala.

Kurudi nilipitia Chimala. Nikaulizia muuza mchele anayeitwa Tadeo, nikaonyeshwa. Duka lake liko upande wa juu wa barabara, ana kofia ya sufu, mtu mrefu. Nilisimama ng'ambo dakika kumi. Sikuingia, kwa sababu lile siyo langu.

Barua zangu zimeishia hapa mpaka nisikie umekwenda wapi.

Gwakisa


Chimala
Alhamisi, 8 Juni 2023

Mpwa wangu Gwakisa,

Naandika juu ya gunia, ndiyo maana mwandiko unapanda na kushuka. Paskalina nilimwambia kabla ya kuondoka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama Tadeo ni yule aliyekuja harusini kwetu na jogoo. Nikasema ndiye. Akaanza kunifungia nguo kwenye begi bila kuniuliza nakwenda siku ngapi.

Nilifika juzi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nilijiandaa hata kukuta kaburi. Nilimkuta anapima mchele. Akammalizia mteja wake, akafuta mikono, akasema, "Didas, umezeeka." Akanipa chai. Nikamwambia sikio langu la kulia halisikii, akahamia upande wa kushoto, akakaa. Basi nikasema. Nilisema vibaya, nilirukaruka, nilianza na moto badala ya kuanza na jina lake kwenye karatasi. Yeye alikuwa anachambua mchele kwenye ungo wakati wote, anatoa mawe. Nilipomaliza nikamwomba anisamehe.

Hakujibu habari ya kusamehe. Aliita ndani. Wakaja wanawe wawili, Nashoni mwenye duka la pembejeo hapo jirani, na Faustina aliye mwalimu. Watu wazima, wana watoto wao. Tadeo akasema, "Sema tena. Wasikie."

Gwakisa, mara ya kwanza ilikuwa ngumu, lakini hiyo ya pili sina neno lake. Nilikuwa naongea na watoto waliokua wakijua baba yao alifukuzwa kazi kwa uzembe. Faustina aliniuliza kama nafahamu walivyokuwa wanaitwa shuleni, na babu yao mzaa baba alivyokataa kukaa meza moja na mwanawe mpaka alipokufa. Nikasema sikujua. Akasema, "Basi jua." Nashoni alitoka nje, akawasha pikipiki akaondoka, hajarudi. Tadeo alikuwa bado ana ungo mapajani, ila mikono ilikuwa imesimama, na machozi yanamshuka kwenye mchele. Sikumgusa. Sikuona kama nina haki.

Amenipa godoro kwenye stoo. Jana asubuhi nilidhani nimemaliza, nikabeba begi langu. Akanizuia mlangoni, siyo kwa hasira. Akasema mke wake yuko shambani Usangu, anavuna, atarudi Jumamosi. Akasema, "Yeye ndiye aliyelala njaa na mimi. Hajawahi kuniuliza kama ni kweli nilikosea, na mimi sijawahi kumwambia. Utasema tena."

Nimemwambia nitasema. Nimeweka begi chini. Leo ni Alhamisi.

Mjomba wako,
Didas